Kichupa kitupu chenye kitu ndani

Kichupa changu cha kwanza cha protini ya kununua, ya kutumia maabara, kilifika Mtwara na basi kutoka Dar. Nikakifungua papo hapo, nikachungulia: hamna kitu. Nikampigia muuzaji, nikamwambia ameniuzia hewa. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza, "Dada, ulikizungusha kwenye sentrifuji kwanza?" Yaani ile mashine inayozungusha vichupa kwa kasi ili kilichomo kishuke chini.

Sikuwa nimekizungusha. Protini yenyewe ilikuwa maikrogramu 50, karibu uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani, na ilikuwa imekaushwa ikabaki utando usioonekana. Njiani ilikuwa imetikiswa usiku kucha, kwa hiyo sehemu yake huenda ilinasa kwenye kifuniko nilichokuwa nimekitupa mezani kifudifudi. Nawe ukipokea kichupa cha hivyo, kizungushe kwa sekunde chache kabla hujagusa kifuniko.

Ilikuwa KIM-1 ya panya, protini inayoonyesha figo imeumia. Figo yenye afya karibu haiitoi kabisa, ila mirija yake ikiumia seli huanza kuitengeneza kwa wingi, na kipande chake huonekana kwenye mkojo. Mimi nilikuwa napima mkojo wa panya waliopewa mchemsho wa mizizi, nione kama unawaumiza figo. Protini ya kununua ndiyo ilikuwa standadi, yaani kiasi kinachojulikana cha kulinganishia. Kinachochekesha ni kwamba yangu ilitengenezwa kwa kupandikiza jeni ya panya kwenye seli za HEK293, ambazo asili yake ni figo ya kijusi cha binadamu. Wakati wa kuagiza angalia imeandikwa ya panya au ya mtu, maana kingamwili, ile protini ya kipimo inayoinasa KIM-1, ikishika moja si lazima ishike nyingine.

Kosa lililoniumiza hasa ni la pili. Niliyeyusha yote kwa bafa, kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi, nikaiweka kwenye tyubu moja, na kila nilipopima niliitoa, ikayeyuka, nikairudisha kwenye friza. Wiki hadi wiki panya wangu walionekana kuumwa zaidi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, matokeo hayo! Kisha nikaona hata waliokunywa maji matupu wanapanda nao. Kumbe standadi ndiyo ilikuwa inaharibika: nguvu yake ikishuka, kila sampuli inasomeka kubwa kuliko ilivyo. Miezi miwili ikaenda na maji.

Sasa siku ile ile ya kuyeyusha naigawa mafungu ya matumizi ya mara moja moja, tyubu ndogo ndogo, tarehe kwa kalamu isiyofutika. Situmii voteksi, ile mashine ya kutikisa tyubu kwa nguvu; naizungusha polepole kwa mkono, naiacha itulie. Naongeza albumini ya ng'ombe, protini ya damu yake, asilimia 0.1 ili protini isinase kwenye plastiki, ila kama utaimwagia seli hai, fikiria kwanza hiyo albumini itakuharibia nini. Mafungu yanakaa nyuzi 80 chini ya sifuri.

Kama hamna friza hiyo, msiridhike na friza ya kawaida inayojiyeyushia barafu yenyewe: inapasha joto kidogo kila mara, na mafungu madogo yanaisikia. Umeme nao, pamoja na gesi yetu ya Mnazi Bay, unakatika. Ukikatika hatufungui mlango. Ukichelewa kurudi, mmoja wetu anapanda bodaboda kwenda sokoni kwa wavuvi kununua barafu, na mafungu yanahamia kwenye kontena, angalau yabaki baridi hata yakiyeyuka, yamefungwa mifuko miwili yasinuke samaki.