Maji meupe ya viazi usiyamwage

Ndugu, umeuliza ufanye nini na maganda na yale maji meupe yanayobaki ukishakata viazi vya krispi. Anza na maji, hapo ndipo penye mali. Weupe ule ni wanga. Yaache ndooni yatulie saa chache, kisha mwaga ya juu taratibu. Chini utakuta tope jeupe la ajabu: ukilibonyeza linakuwa gumu, ukiliachia linatiririka. Lioshe kwa maji safi mara mbili tatu, ulianike. Motoni usilipeleke, maana likiwa bado na maji, kwenye nyuzi 60 na kitu linageuka uji. Unga wake ukikauka unafaa kuongezea mchuzi uzito au kupikia gundi ya karatasi.

Maganda wape ng'ombe. Ya nguruwe yachemshe kwanza, wanga mbichi hawaumeng'enyi vizuri. Ila yaliyogeuka kijani na machipukizi tenga kabisa. Yana solanini nyingi, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Yanayobaki tia kwenye mtambo wa biogesi pamoja na samadi, kidogo kidogo. Ukiyamimina kwa mkupuo, asidi inapanda na gesi inakata.