Wadogo zangu wa maabara, msiishie kwenye asilimia

Mnaoanza kazi kwenye maabara za madini hapa Mwanza, karibuni. Mtaletewa mifuko ya mawe kutoka upande wa Geita, na mengine yatang'aa kama magamba ya dagaa waliotoka kuvuliwa. Ukigonga jiwe likanuka kitunguu saumu, jua kuna aseniki. Pua irudi nyuma.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, mashine ya kupima elementi ilinionyesha asilimia za chuma, aseniki na salfa. Nikaandika haraka: asenopairaiti, madini yenye zote tatu. Nikamwambia mzee mwenye mzigo kwamba dhahabu yake imefungwa ndani ya fuwele, kusaga peke yake hakutaitoa. Akauza kifusi chote kwa bei ya kutupa. Baadaye fundi wetu mkubwa akapitisha unga uleule kwenye mashine ya eksirei inayosoma mpangilio wa atomi. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa lolingaiti (FeAs2, chuma na aseniki) na pairotaiti (chuma na salfa). Asenopairaiti (FeAsS) ilikuwa ganda jembamba tu kuzunguka punje. Elementi ni zilezile tatu, nyumba tofauti.

Na nyumba ndiyo yenye habari. Lolingaiti huweza kuficha dhahabu kati ya atomi zake. Mwamba ukipoa na salfa ikapita, lolingaiti na pairotaiti huungana kuwa asenopairaiti, dhahabu ikakosa nafasi, ikasukumwa mpakani na kuwa chembe huru. Hiyo kusaga peke yake kunaitoa! Kwa hiyo kabla ya kuandika neno "imefungwa", weka kipande kilichosuguliwa chini ya darubini, uangalie pale madini mawili yanapogusana.

Mchoro wa fezi wa chuma, aseniki na salfa, unaoonyesha madini gani hukaa pamoja kwenye joto gani, ubandikeni ukutani. Namba mbili zinatosha kwa kuanzia: kwa kanieneo ndogo, pairaiti (FeS2, nayo ya chuma na salfa) na asenopairaiti haziwezi kukaa pamoja kwa utulivu juu ya nyuzi 491 za Selsiasi, na asenopairaiti yenyewe huvunjika kwenye 702. Mimi niliona mchoro ule ni mambo ya mtihani. Kuudharau kulinigharimu heshima kwa yule mzee.

Sampuli sageni laini kabisa, la sivyo urefu wa mistari kwenye grafu ya mashine ya eksirei utawadanganya.

Halafu tanuru. Jiwe la aseniki likichomwa hutoa moshi mweupe, na ukipoa hubaki unga mweupe kwenye bomba. Ni sumu. Msiufute kwa mkono mtupu, wala msimtume mfagiaji.