Mkuu, usipokee ada siku ya uchaguzi

Mkuu mtoa mada, umeomba ushauri wa kuendesha uchaguzi wa viongozi wa klabu yenu, na pale ulipoandika "ada tutapokea palepale asubuhi ya mkutano ili tusimnyime mtu haki yake ya kura" ndipo nilipoacha kula. Salamu baadaye. Futa huo mpango leo.

Mengine uliyouliza, ya kunyoosha mikono au kura ya siri, nani asimamie, nafasi za akina mama, kura zikifungana itakuwaje, yote yana dawa. Hili la ada likishatokea halina dawa, kwa sababu litatokea kihalali kabisa, na risiti zitakuwepo.

Klabu yetu ilikuwa ya jogging, huku Temeke. Mnazijua hizi: Jumapili alfajiri mnakimbia kwa filimbi na nyimbo, mkirudi mnakunywa supu, na pembeni kuna mfuko wa kuzikana na kuwaona wagonjwa. Hakuna anayelipwa hata mia. Ndiyo maana hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu atahangaika kutuchezea uchaguzi. Uenyekiti wa nini? Wa kupanga nani abebe madumu ya maji? Kumbe mwenyekiti ndiye anayesaini benki, ndiye anayeongea na wadhamini wa jezi, na uchaguzi wa mtaa ukikaribia ndiye anayepigiwa simu na wanasiasa na kuitwa "kiongozi wa vijana".

Katiba tuliandikiwa na bwana mmoja mwenye meza ya uchapaji, anayejiita mshauri wa vikundi. Tulimlipa vizuri tu. Kipengele cha uanachama kikasema: mwanachama ni mtu yeyote aliyelipa ada ya mwaka. Basi. Tukamuuliza, mtu awe amelipa hadi lini ndipo apige kura? Akatujibu kwa madaha kwamba kuweka ukomo ni ubaguzi, katiba itakataliwa kwenye usajili. Uongo mtupu! Siku tulipokuja kuisoma kwa utulivu, tukakuta kifungu kinachomtaka mwanachama "kutoa taarifa ya vifo vya vifaranga kwa katibu". Alinakili katiba ya wafuga kuku akabadilisha jalada. Na katibu nilikuwa mimi, nimesaini kila ukurasa. Chekeni tu, lakini katika uongozi wangu hakuna kifaranga kilichokufa bila taarifa.

Sasa siku yenyewe. Uwanja wa shule, sisi tumeloa jasho, mweka hazina kakaa kwenye dawati na kitabu cha risiti. Ikaingia Coaster. Wakashuka vijana wa ndala na jinzi, kwenye klabu ya kukimbia. Wakapanga foleni kwa adabu zote. Kila mmoja ana noti ya elfu kumi, mpya, imekunjwa mara moja katikati, na zote zimekunjwa vilevile. Mweka hazina akaandika mpaka kitabu kikaisha, akaendelea kwenye daftari la mwanafunzi. Walipopewa karatasi za kura, mmoja akamsogelea mzee wetu wa mazoezi akamnong'oneza: "Samahani mzee, huyu wetu jina lake linaandikwaje?"

Tukapiga kelele. Mgombea wao akasimama ametulia, katiba mkononi, akatusomea kipengele chetu wenyewe. Mgeni tuliyemwomba asimamie akasema hana la kufanya, na kusema kweli hakuwa nalo. Watu waliokimbia mvua na jua wakashindwa na watu ambao Jumapili iliyofuata hakuna aliyewaona. Saini za benki zikabadilishwa. Mwenzetu alipofariki, tukaenda kwenye mfuko wa kuzikana, tukaambiwa pesa zipo kwenye "mradi". Huo mradi mpaka leo hatujaonyeshwa hata mlango wake. Tukachangishana upya palepale msibani, mjane anatuangalia.

Kwa hiyo mkuu, daftari la wapiga kura lifungwe kabla fomu za kugombea hazijatoka. Kabla ya FOMU, maana mtu akishajua anagombea, ndipo anapoanza kutafuta Coaster. Na msidanganywe kwamba huo ni ubaguzi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024, uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kura zikapigwa 27 Novemba. Hukwenda kujiandikisha na kupiga kura asubuhi ileile, na dunia haikuisha.

Orodha ikishafungwa ibandikwe mnapokutania na itumwe kwenye grupu, jina kwa jina, watu wapewe wiki ya kuweka pingamizi. Hapo ndipo mtagundua marehemu bado analipiwa ada. Na mtu kuwemo kwenye grupu la WhatsApp si uanachama. Letu lilikuwa na watu waliohamia Mwanza zamani, wanabaki kwa ajili ya vichekesho.

Kuna mdau hapo juu kasema viongozi waliopo wanaweza kutumia huko kufunga daftari kuwazuia wapinzani wao. Ana hoja, nimeliona hilo kwenye klabu ya jirani: zilipobaki siku mbili, mweka hazina akazima simu, eti kasafiri. Ndiyo maana tarehe ya mwisho itangazwe mapema, wapokeaji wa ada wawe wawili wasio marafiki, na malipo ya simu yahesabike kwa saa yalipoingia. Mtu akimlipia mwenzake si kosa, maisha magumu, lakini anayelipiwa aje mwenyewe asaini. Hicho tu kingewafukuza nusu ya wale wa ndala. Mwanachama mpya akae walau miezi mitatu kabla ya kura yake ya kwanza. Kukimbia akimbie kuanzia kesho, hakuna aliyemzuia.

Kura iwe ya siri, hilo halina mjadala. Waulizeni Wakenya habari ya mlolongo wa 1988, watu wanapanga foleni nyuma ya mgombea wao hadharani, kisha mwenye foleni fupi anatangazwa mshindi. Lakini hata sanduku liwe la kioo, kama waliosimama mbele yake wamekuja kwa Coaster, unahesabu nini?

Umesema mkutano wenu ni mwisho wa mwezi huu na fomu mmeshaanza kutoa. Zirudisheni. Ahirisheni, watu wanune, watanuna wiki mbili. Usiku huuhuu tuma tangazo la tarehe ya mwisho ya ada, na hicho kitabu cha risiti mnyang'anye mweka hazina asije nacho uwanjani.