Nenda Kongamano Hata Kama Hujapangiwa Kuimba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa kijana anayefundisha kwaya mkoani Shinyanga. Baada ya shikamoo na salamu za kanisani kwake, akaeleza kwamba amealikwa kwenye kongamano la waimbaji na walimu wa kwaya, ila viongozi wamegoma kutoa nauli. Hoja yao ni kwamba kwaya haijapangwa kuimba, sasa anakwenda kufanya nini? Akamalizia: "Mama, hata mimi nimeanza kujiuliza."

Marahaba, mwanangu. Nenda. Ukikosa nauli ya kanisa, kopa kwa mtu anayekuamini. Najua hilo ni neno zito kwa mtu anayejitolea bila mshahara, kwa hiyo nitaeleza kwa nini nalisema bila kusita.

Nimetunga nyimbo tangu enzi za kanda. Kwaya yetu hapa Mwanza ilirekodi albamu yake ya kwanza kwa michango yetu wenyewe. Akina mama waliuza vitumbua, vijana wakaenda kufyatua tofali kwenye ujenzi wa watu. Tulirekodi usiku kwa kuwa studio ilikuwa nafuu usiku, na mpiga besi alikuwa anasinzia na gitaa mapajani kati ya wimbo na wimbo. Tulipomaliza, msambazaji akanunua masta, yaani rekodi mama ya nyimbo zetu, kwa malipo ya mara moja. Ndivyo mambo yalivyokwenda wakati ule: unakabidhi masta, unasaini, unapewa bahasha, Jumapili mnasimama mbele ya kanisa kutoa shukrani. Hakuna aliyetusomea ile karatasi. Hata nakala tusingepewa kama si katibu wetu, mwalimu wa shule ya msingi, kukaa kwenye kile kiti na kusema haondoki mikono mitupu. Mungu ambariki mzee yule.

Wimbo ukaenda. Niliusikia kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye misiba ya watu nisiowajua. Halafu miito ya simu ikaingia, na wimbo wangu ukawa mmojawapo. Dada yangu akanipigia kutoka Bukoba kunipongeza, akiamini sasa nimeuaga umaskini. Nilipokwenda kuuliza, nikajibiwa kwa upole kabisa, na soda nikaletewa, kwamba wimbo ule si wangu tena. Wimbo niliotunga jikoni kwangu, mtoto mgonjwa mgongoni! Nilirudi nyumbani nikaacha kutunga kwa muda mrefu. Nimesamehe, lakini nisiseme uongo, hadi leo nikiusikia mahali moyo unashtuka kwanza ndipo unafurahi.

Sasa njoo Dodoma. Kulikuwa na kongamano la waimbaji, na mwalimu mwenzangu alinilipia nauli akinihurumia. Sikuwa kwenye ratiba. Mchana yalikuwa mahubiri, kwaya moja baada ya nyingine, na kumsubiri mgeni rasmi. Yote mema, ila mengi nimeyasahau. Ninachokumbuka ni bwenini. Tulilazwa kwenye shule ya sekondari, vitanda vya dabo deka, na usiku umeme ukakatika. Akina mama wakaleta chai ya tangawizi kwenye ndoo, mmoja akawa anamsuka mwenzake kwa mwanga wa tochi, na maneno yakaanza kutoka. Nani analipwa ngapi akialikwa mkutano wa Injili. Prodyuza yupi anakaa na kazi yako hadi umalizie deni. Uzinduzi upi ulijaza ukumbi na mwimbaji akaondoka na deni la viti.

Mama mmoja wa Arusha, mtunzi kama mimi, akaniuliza: "Mkataba wako unasemaje?" Nilikuwa nao, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na Biblia, maana nilikuwa nimezoea kumwonyesha kila niliyedhani anaweza kunisaidia. Akaushika karibu na tochi, akafuata mstari kwa kidole, akarudi juu, akasoma tena kwa sauti: kanda na CD.

"Simu imeandikwa wapi hapa?"

Haikuandikwa popote.

"Basi dada, simu hukuuza."

Alijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepita njia ile ile. Akanieleza niende COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, nibebe nini, niandike barua ya namna gani, na nisiende peke yangu. Nilifanya hivyo. Fedha zilizokuja baada ya mazungumzo marefu zilikuwa kidogo, na za miaka ya nyuma hazikuja kabisa. Lakini jina langu liliandikwa kama mtunzi wa wimbo ule, na nyimbo zote nilizotunga tangu siku hiyo ni zangu kwa maandishi. Nalitaja hili nikiwa nimeinua kichwa. Kuna watu walinicheka niliposema nitapigania jina.

Sheria haikuwa ngeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Inampa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake haki hizo zinabaki kwa warithi wake. Fikiria hapo: wajukuu zako! Na sisi tulikuwa tunaiachia kwa bahasha moja, kwa kuwa kwaya nzima haikuwa na mtu aliyewahi kukaa na mtu anayeyajua hayo. Januari 2022, COSOTA ilipogawa mirabaha, yaani malipo ya watunzi, ya nyimbo zilizotumika redioni, habari ilinifikia kwanza kwenye kundi la WhatsApp la watu niliokutana nao bwenini kule. Sheria ilipobadilishwa baadaye ili wadau wenyewe waunde taasisi za kukusanya mirabaha, ni watu wale wale walionieleza maana yake kwa lugha ninayoielewa. Mambo haya yanabadilika haraka, na mwalimu wa kwaya aliye peke yake hawezi kuyafuata yote.

Wapo watakaosema mama huyu anafikiria hela tu. Hapana. Nikupeleke Chicago, Marekani, kidogo. Thomas A. Dorsey alikuwa mtoto wa mhubiri kutoka Georgia, mpiga piano wa bluzi aliyejulikana kama Georgia Tom. Alipoanza kutunga nyimbo za Injili, makanisa mengi yalimfungia mlango, yakisema muziki wake unanuka baa. Mwaka 1932 mke wake Nettie alifariki akijifungua, na mtoto naye akafariki, na katika msiba ule Dorsey akatunga "Take My Hand, Precious Lord". Habari hiyo wengi wetu tumeisikia ikihubiriwa. Kisichohubiriwa ni kwamba katika miaka hiyo hiyo, yeye na Sallie Martin na wenzao walianzisha mkutano mkuu wa kila mwaka wa kwaya za Injili. Viongozi wa kwaya walikuja kutoka miji mbalimbali, wakajifunza nyimbo mpya, wakanunua nota, wakarudi kufundisha kwao. Huyo Sallie Martin ndiye aliyeziweka sawa hesabu za biashara ya nota ya Dorsey, kwa kuwa Dorsey alikuwa mtunzi mkubwa ila fedha zilikuwa zinampotea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 James Cleveland akaendeleza wazo hilo kule Detroit kwa kuanzisha Gospel Music Workshop of America, watu wakawa wanakuja kukaa darasani na kuimba pamoja kwenye kwaya kubwa. Muziki ule haukusambaa kwa vipaji vya mtu mmoja mmoja. Ulisambaa kwa sababu watu walipanda treni wakaenda kukaa pamoja.

Na kabla ya Chicago kulikuwa na Yerusalemu. Soma 1 Mambo ya Nyakati sura ya 25. Wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni, waimbaji wastadi 288, waligawanywa zamu 24 kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Ndugu yangu, wewe mwenye wafuasi wengi YouTube, lini umekaa na mwanafunzi mkapigiwa kura moja? Na wewe unayejiona mdogo, nani kakwambia huna nafasi pale? Tumejifungia. Kila kwaya na mlango wake, kila mwimbaji na menejimenti yake, halafu tunashangaa kwa nini nyimbo zetu zinafanana na kwa nini tunaibiwa kwa njia ile ile mmoja baada ya mwingine. Waebrania 10:25 inatuonya tusiache kukusanyika, na mstari ule hauhusu ibada ya Jumapili peke yake.

Hata kwa upande wa uimbaji wenyewe faida ipo. Waliokulia kwenye mashindano ya kwaya ya KKKT wanajua raha ya wimbo wa lazima, ule ambao kila kwaya inatakiwa kuuimba. Mmeuimba miezi kadhaa mkidhani mmeumaliza, kisha inasimama kwaya ya kijijini isiyo na kinanda, sauti ya tatu inaingia polepole mahali ninyi mlipokuwa mnapiga kelele, na mnagundua hamkuwahi kuusoma vizuri. Wakatoliki wanaokutana kwenye sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Novemba 22, wananielewa. Waliopitia makongamano ya Pasaka ya UKWATA au CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo, wakiwa shuleni wananielewa zaidi, maana wengi ndipo walipokutana na wanaopiga nao vyombo hadi leo.

Fundi mitambo wetu nilimpeleka kongamano moja Morogoro. Alikaa siku nzima nyuma ya meza ya fundi mwenzake kutoka Iringa. Kijana yule alimfundisha jambo moja tu: apunguze mwangwi kwenye maiki za waimbaji kwanza, ndipo afikirie kuongeza sauti ya spika. Jumapili iliyofuata bibi mmoja alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia leo nimesikia maneno ya wimbo. Miaka yote alikuwa anasikia mlio.

Kwa hiyo ukienda, mwanangu, usiende kuomba jukwaa. Wanaokwenda kuomba jukwaa wanaishia kugombana na waandaaji na kurudi na kinyongo. Nenda ukae na watu. Beba mikataba yako, hata ile unayoionea aibu. Uliza bei bila haya, kwa sababu kunyamaza kuhusu fedha hakujawahi kutufanya wa kiroho zaidi, kumewanufaisha wanaotununua. Usishinde unawakimbilia waimbaji wakubwa kupiga nao picha. Mtu atakayekusaidia mara nyingi ni wa kiwango chako aliyekutangulia hatua mbili. Chukua namba za simu, na ukifika nyumbani piga. Usiondoke kabla ya usiku wa mwisho. Na kama kwaya ina nafasi mbili za nauli, mmoja awe katibu au fundi mitambo. Usizijaze zote mbili na waimba solo.

Si kila kongamano ni la kwenda, hilo pia nikuambie. Ukiona tangazo lina picha za waimbaji tisa, kiingilio cha VIP na harambee tatu, na hakuna saa hata moja ya watu kukaa kuzungumza, hilo ni tamasha. Matamasha ni mazuri, nami nimeimba mengi, lakini kwa tamasha usikope nauli.

Na ninyi mnaoandaa, nawaomba kama mama na kama mtu aliyewahi kusaidiwa gizani na mwenzake. Tengeni mchana mmoja. Wekeni meza na benchi nje ya ukumbi, mumwite mwanasheria mmoja muumini na ofisa mmoja wa COSOTA, na mtangaze mapema kwamba kila mtu aje na mkataba wake. Wekeni fundi mitambo mmoja mzoefu na vijana wanaotaka kujifunza wamzunguke. Na mgeni rasmi akichelewa, kama kawaida, msikate muda wa meza ile kufidia hotuba yake.