Re: Kongo tuko na memoriale kama ya Gisozi?

Mukubwa umeuliza kama huku kwetu iko memoriale (pa kukumbuka wenye waliuliwa) kama ile ya Gisozi kule Kigali, ya jenosidi ya Rwanda ya 1994. Kubwa vile hapana, pale Gisozi kumezikwa watu zaidi ya 250,000, lakini usiseme hakuna kitu! Toka Bukavu shuka mpaka Uvira, shika njia ya Baraka utafika Makobola, pale wamelala watu wenye waliuliwa kwa vita: ripoti Mapping ya ONU (ya mauaji ya Kongo toka 1993 mpaka 2003) inasema waliuliwa zaidi ya watu 800 kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, na watoto wadogo ndani. Kasika nayo, kule Mwenga, Agosti 1998, padri na masista waliuliwa, mwami (chefu mukubwa wa kimila) pia na bibi yake. Kile kinaniudhi, vijana wa hapa wanajua Gisozi kuliko Kasika. Ukienda, kabla ya kupiga foto salimia kwanza chefu wa kijiji, wenye wamelala pale ni wazazi wa watu wa kijiji.