Uliza Shangazi: Mto wangu unanuka kuku

SWALI: Asalaam alaykum shangazi. Dada yangu anakaa Muscat, alinletea mito miwili ya manyoya ya bata, sasa mwaka wa 7 huu. Mwezi wa nne nikaufua mmoja kwenye beseni nikauanika darini, mvua ikija nautoa, jua likitoka naurejesha, siku mbili hivyo hivyo. Saivi una madonge kama uji uliokorogwa vibaya na unanuka, nimeufukiza udi mara tatu wapi! Mume wangu keshahamia mto wa sponji. Niutupe?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usiutupe kwanza, na udi wako weka, unafunika tu. Hiyo harufu unaijua, ndo ile ya kuku ukimchovya maji moto kumnyonyoa, manyoya yakirowa yananuka hivyo hata yawe ya bata wa wapi, na ikiwa imebaki mpaka leo basi ndani hamjakauka. Nje ukigusa mkavu, ndani mbichi. Ubebe ulinganishe na mwenzake, ukiona mzito zaidi au ukiukumbatia una kibaridi katikati, maji yamo. Tena wewe umefua masika, kanga tu haikauki seuze mto!

Ngoja kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, uufue tena. Sabuni ya maji kidogo, usitie jiki wala ile ya kulainishia nguo, suuza mpaka maji yatoke safi. Usiusokote kuukamua, ukandamize tu, na ukiutoa ubebe kwa mikono miwili kama mtoto mchanga maana ukiushika pembe uzito wa maji unachana mshono. Kama una dobi mwenye mashine ya kukaushia, wale wanaofulia mahoteli, mpelekee, mwambie moto mdogo na atie humo mipira miwili mitatu ya tenisi iliyo safi, ile inaupigapiga mto madonge yanavunjika. Hiyo kazi ya masaa, asikutolee baada ya nusu saa akakwambia tayari. Huna dobi, anika penye kivuli na upepo, kila ukipita uupige makofi uyavuruge madonge kwa vidole, magharibi ikiingia utie ndani chini ya feni, kesho tena.

Ukishakauka, ukunje katikati uuachie. Ukifunguka wenyewe bado mzima huo. Ukibaki umekunjika kama chapati, au madonge yamegoma, au kuna madoa meusi ya ukungu, ushakwisha, usimlaze mtu hasa mwenye pumu. Mito hii kwa kawaida inakwenda miaka 5 mpaka 10 hivi, kwa hiyo wako haujawa mzee kiasi hicho. Duveti, lile la kujifunika lililojazwa manyoya, ndo linadumu zaidi, hata 15, kwa sababu halilaliwi na kichwa chenye mafuta ya nazi (vika foronya mbili mwanangu, moja haitoshi).

Na najua utashawishika kufanya kama bibi zetu na magodoro ya sufi, lilikuwa likilala linafumuliwa, sufi inaanikwa, inachambuliwa, inarudishwa. Manyoya usijaribu wallahi, ukifumua penye upepo majirani watayaokota mpaka Idi. Na pakitoboka usishone ovyo, kila tundu la sindano manyoya yanatokea hapo hapo, bandika kiraka.

SWALI: Shangazi duveti langu la manyoya natumia wakija wageni tu, chumba cha AC, siku nyengine nalitia mfuko wa nailoni nalifunga ndii lisiingie vumbi. Sawa?
Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Sio sawa, litoe leo. Unyevu ukishaingia humo hauna pa kutokea na joto letu hili, utalikuta limeota ukungu. Lifunge kwenye shuka kuukuu la pamba, liweke juu ya kabati bila kulishindilia, mbali na ule ukuta unaotoa chumvi, na kila mwezi lipige upepo hata kama hajaja mgeni.