Kabla ya kupima homoni: saa, siku na dawa unazotumia

Hedhi ikipitiliza, chunusi zikijaa kidevuni, nguvu za kiume zikipungua au uzito ukipanda bila sababu, siku hizi jibu la haraka ni moja: "homoni zimevurugika." Kinachofuata ni kuingia maabara iliyo karibu, iwe Kariakoo, Sinza au Mbagala, kuomba "kipimo cha homoni", kulipa, na kutoka na karatasi yenye namba nne au tano. Namba zenyewe zinaweza kuwa za kweli kabisa. Shida ni kwamba homoni hupanda na kushuka kwa saa, kwa siku ya mzunguko na kwa dawa, na viwango vya kawaida vimewekwa kwa wakati maalumu. Damu ikichukuliwa wakati usio wake, namba hiyo haina cha kulinganishwa nacho.

Hakuna kipimo kimoja kinachoitwa homoni. Pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere iliyo chini ya ubongo, huamrisha tezi nyingine kadhaa: hutoa TSH kuisukuma thairoidi ya shingoni, ACTH kuzisukuma adrenali zilizo juu ya figo, FSH na LH kuzisukuma ovari au korodani. Kongosho na zile parathairoidi nne ndogo nyuma ya thairoidi hazisubiri amri yake. Kongosho hufuata sukari iliyomo kwenye damu, parathairoidi hufuata kalsiamu. Mfumo huu hujidhibiti kama boya la tenki la maji: homoni ya tezi ikijaa, amri kutoka juu hukatwa, ikipungua, amri huongezwa.

Ndiyo maana homoni moja peke yake mara nyingi haitoshi. TSH ikiwa juu na T4, homoni inayotoka kwenye thairoidi, ikiwa chini, thairoidi yenyewe imechoka. TSH ikiwa chini na T4 juu, thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Zote mbili zikiwa chini, daktari atatazama pituitari, au atauliza kama mgonjwa alikuwa na ugonjwa mwingine mkali siku ya kupimwa. Testosteroni, homoni ya kiume, vilevile: ikiwa chini huku LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani; ikiwa chini na LH nayo chini au ya kawaida, tafuta huko juu. Kwa mwanamke, FSH ya juu na estradioli (homoni ya kike ya ovari) ya chini humaanisha ovari hazijibu amri. Basi ukipewa orodha ya vipimo, uliza kila kimoja kinasomwa pamoja na kipi.

Sasa saa. Kotisoli, homoni ya adrenali, huwa juu asubuhi na hushuka mpaka karibu na usiku wa manane, hivyo damu yake huchukuliwa karibu saa 2 asubuhi. Mlinzi wa usiku au dereva anayelala mchana aseme hivyo mapema, kwa sababu mzunguko wake umehama. Testosteroni huchukuliwa kabla ya saa 4 asubuhi, tumboni hamna kitu, na ikitoka chini hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu yeyote kuandika dawa. Usiipime ukiwa na malaria au homa yoyote. Ugonjwa wa ghafla huishusha kwa muda, na mwanaume anaweza kuanzishiwa sindano za testosteroni ambazo hakuzihitaji, sindano ambazo zenyewe huzima LH na FSH na kupunguza mbegu zake.

Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, ndiyo inayodanganya zaidi. Hupanda usingizini, kwa hofu, kwa mazoezi, kwa tendo la ndoa na kwa kuguswa matiti. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri Kigamboni, akasukumana kwenye pantoni, akasimama ndani ya daladala kisha akapanda ngazi mbio kuwahi namba, atatoka na prolaktini iliyozidi kidogo na karatasi ya kwenda kupigwa picha ya kichwa. Pima ukiwa umeamka saa mbili au tatu zilizopita, kaa ukitulia dakika 30 kabla ya sindano, na ikizidi kidogo tu, irudie. Taja pia dawa: metoklopramaidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, huipandisha, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli hufanya hivyo hivyo. Hizi za akili usiziache mwenyewe ili "kusafisha" kipimo. Huo ni uamuzi wa daktari aliyeziandika. Ujauzito, kunyonyesha na thairoidi iliyochoka navyo hupandisha prolaktini, kwa hiyo kipimo cha mimba na TSH vitangulie.

Homoni za uzazi za mwanamke zinataka hesabu ya siku, na siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka vizuri, si matone ya jana yake. FSH, LH na estradioli huchukuliwa siku ya 2 hadi ya 5. Projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ina makosa mengi kuliko zote, kwa sababu watu wamekariri "siku ya 21". Siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kinachotakiwa ni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata: mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28, wa siku 24 ni siku ya 17. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halikutoka, kumbe ndiyo kwanza linatoka. Hedhi ikifika, hesabu kurudi nyuma uone kama damu ilichukuliwa wakati wake. Projesteroni inayozidi 3 ng/mL huonyesha yai limetoka. Karatasi ikiandika nmol/L, gawanya kwa 3.18 kwanza. AMH, homoni inayokadiria akiba ya mayai, haijali sana siku ya mzunguko.

Aliyechoma sindano ya miezi mitatu, mwenye kijiti au anayemeza vidonge vya majira asilipe pesa kupima homoni hizi. Kipimo kitaonyesha kazi ya dawa, si ya ovari. Baada ya sindano ya mwisho, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi 10 au zaidi kurudi, na kukosa hedhi katika kipindi hicho hakumaanishi kizazi kimeharibika. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo huvuruga mzunguko ambao imemezwa ndani yake, subiri unaofuata.

Thairoidi haina masharti mengi ya saa, ila ina adui mmoja anayeuzwa kila duka la vipodozi: vidonge vya kukuza nywele na kucha vyenye bayotini. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000. Kwenye baadhi ya mashine za maabara, bayotini nyingi hushusha TSH na kupandisha T4 kwenye karatasi tu, na mtu mzima wa afya anaonekana mgonjwa wa thairoidi inayokimbia. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kupima, 3 kama dozi ni kubwa. Anayemeza levothairoksini atolewe damu kabla ya kidonge cha siku hiyo. Kidonge chenyewe ni kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na saa 4 mbali na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu. Dozi ikibadilishwa, rudi baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza pesa, TSH bado inahama.

Kwa sukari ya kufunga, maji tu kwa saa 8. Gahawa na chai ya rangi zisubiri. Mwezi wa Ramadhani, aliyekula daku saa 10 alfajiri atatimiza muda wa saa 8 ifikapo saa 6 mchana, si akifika maabara saa 2 asubuhi. Kisukari huanzia 7.0 mmol/L ya kufunga au asilimia 6.5 ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, na kama huna dalili, jibu la kwanza huthibitishwa kwa kipimo cha pili. Mwenye selimundu asitegemee kile cha miezi mitatu: chembe zake nyekundu hufa mapema, sukari haipati muda wa kujishikiza, namba inatoka nzuri wakati sukari iko juu.

Kuna vipimo visivyovumilia safari. ACTH huharibika haraka kwenye joto, na damu yake inapaswa kuwekwa kwenye barafu mara inapotoka. Uliza kama inapimwa hapohapo au inapelekwa kwa bodaboda kwingine, na inasafirishwa ndani ya nini.

Jambo la mwisho watu hulificha kwa aibu, nalo ni la hatari kuliko yote hapo juu. Mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi ina klobetasoli au betamethasoni, na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri mara nyingi ni deksamethasoni. Vyote ni steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Vikitumika kwa wiki nyingi, pituitari hukata ACTH, adrenali hulala, na kotisoli kwenye damu husomeka chini sana huku uso umevimba na tumbo limejaa michirizi. Usiviache ghafla. Nenda hospitali na chupa au pakiti yenyewe mkononi, ili dozi ipunguzwe hatua kwa hatua. Aliyekwisha kuviacha ghafla akaanza kutapika, kulegea, kuumwa tumbo na presha kushuka, apelekwe idara ya dharura saa hiyohiyo, usiku au mchana, na anayemsindikiza aseme neno "steroidi" mlangoni, kabla ya kuulizwa. Tiba ni haidrokotisoni miligramu 100 ya sindano kwa mtu mzima pamoja na dripu ya maji ya chumvi, na haisubiri majibu ya maabara.